Kabla ya kununua sabufa, geuza nyuma usome wati halisi

Na Mwandishi Wetu, Tarime

FEDHA zinazotumika kununua mtambo wa sauti wa nyumbani si haba. Kwa mkulima wa Tarime huenda zikawa mauzo ya mahindi ya msimu mzima, na kwa mfugaji wa Serengeti zaweza kuwa thamani ya ng'ombe aliyefikishwa mnadani. Kwa kijana anayefanya kazi mgodini Nyamongo, ama katika hoteli za kitalii zilizo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ni akiba ya miezi kadhaa.

Pamoja na uzito huo, si ajabu kumkuta mnunuzi akiamua kwa kutazama jambo moja tu, nalo ni idadi ya wati iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa mbele ya boksi. Katika maelezo yote yanayoandamana na kifaa cha sauti, hayo ndiyo yanayostahili kuaminiwa kwa kiwango kidogo zaidi.

Yapo mambo matatu yanayopaswa kutangulia. La kwanza ni matumizi, yaani kama kifaa ni cha kutazamia filamu, kusikilizia muziki au kuchezea gemu. La pili ni chumba kitakamowekwa, na la tatu ni umeme utakaokiendesha. Anayeyajua hayo kabla ya kuingia dukani hupunguza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kurudi nyumbani na majuto.

WATI ZA BOKSI NA WATI ZA KWELI

Kipimo kinachoandikwa mara nyingi kwenye maboksi ya sabufa na redio za bei nafuu ni PMPO. Kwa maelezo ya watengenezaji, hiyo ni nguvu ya juu kabisa ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa kitambo kifupi mno. Tatizo ni kwamba hakuna kanuni moja ya kimataifa inayoeleza kipimo hicho kipatikane vipi, hivyo kila kiwanda kiko huru kuhesabu kitakavyo.

Kipimo chenye maana kwa mtumiaji ni RMS, ambacho hueleza nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo, kwa dakika na saa, bila kuzidiwa. Kifaa kinachotajwa kuwa na wati 10,000 za PMPO kinaweza kuwa na wati 30 au 40 tu za RMS.

Mnunuzi asiye fundi anaweza kuugundua ukweli huo papo hapo dukani kwa kugeuza kifaa na kusoma kibandiko cha nyuma. Hapo huandikwa volti na hezi za umeme kinaotumia, pamoja na wati kinazovuta kutoka ukutani. Kwa kuwa hakuna mtambo unaoweza kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile unayoipokea, sabufa iliyoandikwa wati 60 nyuma haiwezi kutoa mfululizo sauti ya wati 10,000 wala ya wati 1,000. Hata hizo 60, sehemu yake hupotea ikiwa joto.

Hesabu ndogo inaweka jambo hilo wazi zaidi. Plagi ya miguu mitatu inayotumika nchini hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, plagi hiyo inaweza kupitisha takriban wati 3,000 tu. Kifaa ambacho kingekuwa kinatumia wati 10,000 kwa kweli kingeunguza fyuzi hiyo mara tu kinapowashwa.

Aidha, wati nyingi hazimaanishi sauti kubwa kwa uwiano uleule. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huiona kuwa ndogo. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Hivyo, kulipa fedha nyingi zaidi ili kutoka wati 30 hadi 40 za RMS ni kununua tofauti ambayo haitasikika sebuleni.

Kwa sebule ya meta 4 kwa 4, ambayo wakaaji wake huketi meta 2 au 3 kutoka kwenye spika, wati 20 hadi 30 za RMS kwa kila spika zinatosha kutoa sauti inayozidi mahitaji ya familia.

ANAYEPENDA FILAMU ASIKIE MANENO

Mtazamaji wa filamu huhitaji kwanza kuyasikia maneno. Milio ya risasi na ngurumo za magari hupendeza, lakini hadithi hubebwa na mazungumzo. Sehemu kubwa ya sauti inayofanya maneno yaeleweke iko kati ya hezi 300 na 3,000, wakati besi iko chini ya hezi 200. Mtambo wenye besi nyingi na spika ndogo hafifu humlazimisha mtazamaji kuongeza sauti ili ayasikie maneno, kisha kuipunguza kwa haraka mlipuko unapotokea.

Suala hilo lina uzito wa pekee kwa filamu za kutafsiriwa, ambazo msimulizi huingiza sauti yake juu ya ile ya awali. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya ni miongoni mwa waliojipatia umaarufu kwa kazi hiyo. Katika filamu hizo, sauti ya msimulizi, muziki na milio ya asili huwa vimebanwa pamoja. Spika yenye besi inayovuma kupita kiasi humfunika msimulizi, na kwa mtazamaji anayemtegemea yeye ili aielewe hadithi, filamu huwa imepotea.

Kwa matumizi hayo, mtambo wenye spika ya katikati hufaa zaidi, kwa sababu kwenye filamu zilizorekodiwa kwa mfumo wa 5.1 mazungumzo hupelekwa hasa kwenye spika hiyo. Namba 5.1 ina maana ya spika tano za kuzunguka chumba na moja ya besi, 2.1 ni spika mbili na moja ya besi, 2.0 ni spika mbili pekee.

Hata hivyo, kununua spika sita hakuleti sauti ya njia sita kama chanzo hakina sauti hiyo. Waya wa plagi nyekundu na nyeupe unaotoka kwenye king'amuzi au deki hubeba njia mbili tu, kushoto na kulia. Spika nyingine zitalia kwa kurudia kilekile. Anayetaka 5.1 ya kweli anahitaji filamu iliyorekodiwa hivyo, pamoja na waya wa HDMI au wa mwanga unaoweza kuibeba. Asiyekuwa na vitu hivyo atapata faida zaidi kwa kununua spika mbili au tatu bora kwa fedha ileile.

Jambo jingine la kukagua kabla ya kuondoka nyumbani ni matundu yaliyo nyuma ya runinga. Runinga bapa za siku hizi nyingi hazina tundu la kutolea sauti kwa waya mwekundu na mweupe. Zina HDMI yenye alama ya ARC, teknolojia iliyoanza mwaka 2009, au tundu la waya wa mwanga. Mwenye runinga ya aina hiyo akinunua sabufa yenye matundu mekundu na meupe pekee, atalazimika kutafuta kifaa kidogo cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa analojia, na kuiweka runinga itoe sauti kwa mfumo wa PCM. Kupiga picha nyuma ya runinga kwa simu na kwenda nayo dukani huondoa usumbufu huo.

MUZIKI NA KIPIMO CHA LITUNGU

Kwa msikilizaji wa muziki, spika mbili zinazolingana hutosha, kwani sehemu kubwa ya muziki hurekodiwa kwa njia mbili. Kinachotakiwa ni spika hizo kutenganishwa, zisibanwe pamoja juu ya kabati moja. Umbali wa meta 2 kati yake, na msikilizaji kuketi umbali unaokaribia huo, huzipa ala nafasi ya kusikika kila moja mahali pake.

Wakazi wa Mara wanacho kipimo kizuri kilicho karibu nao. Litungu la Wakurya, zeze kubwa la nyuzi nane, hutoa sauti nzito inayovuma, lakini kila uzi una noti yake. Mnunuzi anaweza kwenda dukani na wimbo wa litungu anaoujua vyema ndani ya simu yake. Kwenye spika nzuri, nyuzi nzito husikika moja baada ya nyingine, na mguso wa kidole hutangulia mvumo. Kwenye sabufa duni, nyuzi zote huwa kishindo kimoja kisichobadilika, kana kwamba mtu anapiga debe tupu.

Jaribio hilo lifanywe kwa sauti ya wastani, vidhibiti vya besi vikiwa katikati. Muuzaji anayeanza kwa kupandisha besi hadi mwisho anafanya spika zote zifanane. Baada ya hapo, sauti ipandishwe taratibu hadi robo tatu ili kusikiliza kama inakwaruza au kasha linatetemeka. Kasha la mbao nene kwa kawaida hutulia kuliko la plastiki jepesi, ndiyo maana uzito wa kifaa ni dalili inayofaa kuzingatiwa.

GEMU HUTAKA WAYA

Mchezaji wa gemu ana hitaji tofauti, nalo ni kasi. Sauti inayopita hewani kwa Bluetooth hubanwa kwanza, hutumwa, kisha hufunguliwa upande wa pili. Kazi hiyo huchukua muda ambao kwenye vifaa vya kawaida huwa kati ya milisekunde 100 na 200, na pengine zaidi. Anayesikiliza wimbo hajali, na kwa filamu, simu au runinga nyingi huchelewesha picha kidogo ili viende pamoja.

Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu picha hutegemea kidole cha mchezaji. Matokeo yake, mpira wa miguu huonekana umepigwa kabla ya mlio kusikika. Kwa hiyo spika au hedifoni za gemu ziunganishwe kwa waya, au zile zisizo na waya ziwe zimetengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo na kuja na kipokezi chake.

Hedifoni zina faida nyingine kwa familia inayoishi chumba kimoja au viwili. Kijana anaweza kucheza bila kuwanyima usingizi wazazi wake, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya mtambo wa spika unaotoa sauti ya ubora huohuo.

CHUMBA NI SEHEMU YA SPIKA

Nyumba nyingi za mijini zina kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa la bati. Vitu hivyo vyote hurudisha sauti, hivyo maneno hugongana na mwangwi wake. Kabla ya kuilaumu spika, mwenye nyumba anaweza kuongeza pazia zito, zulia au mkeka, na makochi ya kitambaa. Dari ya mbao au ya jipsamu hupunguza pia mtetemo wa bati na kelele za mvua.

Spika ya besi ikiwekwa kwenye kona, besi huongezeka. Ikisogezwa mbali na ukuta, hupungua. Kwa maana hiyo, sabufa inayovuma kupita kiasi inaweza kurekebishwa bila gharama, kwa kuisogeza hatua moja. Spika ndogo zielekezwe masikioni mwa wasikilizaji, zisifichwe nyuma ya runinga wala kulazwa chini sakafuni.

UMEME, RADI NA SOLA

Umeme wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) ni wa volti 230 na hezi 50. Ukikatika na kurudi ghafla, volti zinaweza kupanda na kushuka, hali inayoua saketi za amplifaya. Kifaa cha kulinda volti, kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuupitisha, ni bima ya gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya mtambo.

Kifaa hicho, hata hivyo, hakizuii radi iliyopiga karibu. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi, na milima ya Tarime hupata mvua za ngurumo. Kinga ya uhakika ni kuchomoa plagi ukutani, pamoja na waya wa antena au wa dishi, mara ngurumo zinapoanza. Wengi hukumbuka plagi na kusahau dishi, ilhali radi inaweza kupita huko hadi kwenye king'amuzi, runinga na sabufa iliyounganishwa nayo.

Kwa kaya za vijijini zinazotegemea sola, wati za kibandiko cha nyuma ndizo huamua kila kitu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi takriban wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, hivyo hubaki wati-saa 600. Runinga ya wati 60 na sabufa ya wati 40 zikiwashwa pamoja hutumia wati 100, na zinaweza kwenda kwa saa 6. Umeme ukipitia kwenye inveta, sehemu hupotea na muda hushuka hadi saa 5 hivi.

Zipo runinga na sabufa zenye tundu la volti 12 zinazounganishwa moja kwa moja na mfumo wa sola bila inveta. Kwa mnunuzi wa kijijini, tundu hilo lina thamani kuliko taa za rangi zinazowakawaka mbele ya kifaa.

MTUMBA, MPAKA NA RISITI

Vifaa vya mtumba vinaweza kuwa bora kuliko vipya vya bei ileile, ila vinahitaji macho. Vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100 na vya Marekani volti 120. Kifaa cha namna hiyo kikichomekwa kwenye volti 230 bila kipunguza umeme huungua mara moja. Kibandiko kisipoonesha volti 220 hadi 240, au kuanzia 100 hadi 240, mnunuzi asikichomeke. Aidha, sponji inayozunguka koni ya spika kuukuu huoza. Ibonyezwe taratibu kwa kidole kuona kama inapasuka.

Sirari ni mji wa mpakani, na baadhi ya wakazi huvutiwa na bei za upande wa Isebania nchini Kenya. Kabla ya kuvuka, mnunuzi ajumlishe gharama zote, zikiwamo za forodha, na ajiulize dhamana ya kifaa itadaiwa wapi kikiharibika. Bei ndogo ya ng'ambo inaweza kuyeyuka katika safari moja ya kurudisha mzigo.

Kwa upande wa ndani, risiti ya mashine ya kielektroniki ni haki ya mnunuzi na ushahidi wake wa kwanza panapotokea mgogoro. Iandikwe jina na namba ya toleo la kifaa, na dhamana itolewe kwa maandishi yenye muhuri wa duka. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia. Nembo maarufu iliyokosewa herufi moja ni ishara ya kutosha ya kuondoka dukani.

MASIKIO NA MAJIRANI

Mtambo mzuri ukitumiwa vibaya huleta madhara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4, na kwa desibeli 100 ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75 kwa saa 40. Masikio yanayolia baada ya muziki kuzimwa yanatoa onyo, na uwezo wa kusikia uliopotea kwa kelele haurudi.

Zipo pia kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Besi hupenya kuta kuliko sauti nyembamba, hivyo jirani anaweza kukosa usingizi hata mwenye sabufa anapodhani ameipunguza. Kushusha besi usiku, na kuiweka spika yake juu ya kitu laini badala ya sakafu tupu, kunamaliza malalamiko mengi.

Kwa ujumla, bajeti ya mtambo wa sauti igawanywe kabla ya kuingia dukani: sehemu kubwa iende kwenye spika, na sehemu ndogo ibakizwe kwa ajili ya nyaya na kifaa cha kulinda volti. Dukani, mnunuzi asome kwanza kibandiko cha nyuma, kisha asikilize wimbo anaoujua, halafu ndipo aulize bei. Yaliyoandikwa mbele ya boksi yanaweza kusomwa mwisho, kama muda utakuwapo.